Fungu la Jiwe

Fundi Kamba hakupata kusema neno "ipo" mbele ya mteja. Ungeingia dukani kwake, pale Mji wa Kale nyuma ya Ngome, kamba ya katani imening'inia juu ya kichwa chako nene kama mkono wa mtu, ukamuuliza, "Fundi, katani ipo?" Angekujibu bila kuinua macho, "Njoo utazame."

"Naiona, hii hapa."

"Basi kama waiona, waniuliza nini?"

Wageni walidhani ni kiburi wakaenda zao. Mimi nilirudi mwaka baada ya mwaka, kwa sababu kamba aliyoiunga yeye haikufunguka. Lori langu lingetoka Shimanzi limelala upande kwa uzito, lipande miinuko yote ya Mazeras, na mzigo ufike kama ulivyofungwa. Mwenye malori anayenunua kamba ovyo ni sawa na mtu anayemwaga simiti yake barabarani kwa mikono yake mwenyewe.

Nieleze mimi ni nani, halafu nisijitaje sana. Mimi ni mtu wa Kaloleni. Nilisoma darasa la pili na nusu. Mwalimu alihama, nami nikahama. Nilikuja Mombasa kubeba magunia kwenye magodauni, nikabeba mpaka nikapata watu wa kunibebea. Leo nina malori yenye jina langu ubavuni, na hakuna aliyeniandikia jina hilo kwa kunihurumia. Nimefika hapa kwa kusema ninaloliona. Kibovu nakiita kibovu, mbele ya tajiri na mbele ya askari.

Jina la Fundi nalijua. Silitaji, maana mkewe yu hai, na mtaa ule hauna siri. Alizaliwa lini, wa ukoo gani, sikumuuliza. Mtu ukijua anavyofunga fundo umeshamjua vya kutosha.

Alifanya kazi ameketi chini, mguu mmoja amenyoosha, kamba ameibana kwa kidole gumba cha mguu. Kuunga kamba mbili ziwe moja, unazifumua nyuzi zake kwanza, unazipitisha hizi ndani ya zile, chini na juu, chini na juu, kisha unavuta. Mafundi wengine walivuta mara tatu. Yeye alivuta, akaiacha, akanywa kahawa, akairudia kana kwamba imefanywa na adui yake. Siku moja nilikuwa na haraka, dereva anapiga honi kule barabarani.

"Fundi, imetosha hiyo."

"Imetosha kufunga mbuzi. Wewe una mbuzi?"

"Nina tani kumi za sukari."

"Basi kaa kitako."

Maneno yake yalikuwa makavu hivyo, na watu walimpenda kwa ukavu huo huo. Mteja akianza kuapa, "Wallahi kamba hii uliniuzia ikakatika," Fundi alikuwa akiinuka, anafunga mlango wa duka, anakwenda kusali, hata kama wakati wa sala haujafika. Lakini mimi nilipovunjika mguu, gunia la kahawa liliponiangukia, alikuja Shimanzi kwa miguu kila siku, jua kali, malori yanampulizia moshi usoni, kunitazama. Hakuleta neno la kufariji hata moja. Alileta mkate wa mofa, akaketi juu ya kreti, akautazama mguu wangu kama anavyotazama kamba ya mtu mwingine. Siku ya mwisho akasema, "Utatembea. Ila vibaya." Na kweli natembea vibaya.

Shimanzi alikuja kwa sababu Shimanzi imo kisiwani. Hilo ndilo jambo lake lililojulikana na wote. Mombasa ni kisiwa: unatoka kwa daraja la Nyali, au kwa Makupa, au kwa feri ya Likoni. Fundi hakutoka kwa hata kimoja, miaka hamsini na kitu. Watoto wake wawili waliolewa bara, hakwenda harusini. Rafiki yake wa kucheza bao alipofariki, maziko yalikuwa Kisauni. Fundi alibeba jeneza bega la mbele, kulia, kutoka msikitini mpaka panapoanzia daraja. Hapo akasimama. Nilikuwa nyuma yake. Akamwita mtu, akampa bega lake, akabaki kando ya barabara ameshika kofia mkononi, jeneza likaenda zake. Wengine walisema ana kisasi huko ng'ambo. Wengine walisema ni jini. Vijana wa barazani walimtania, "Fundi, dunia imeishia Makupa?" Naye akajibu, "Yenu haijaanza, ndiyo maana mmeketi hapa."

Mkewe ndiye aliyemtania kuliko wote. Bibi huyu ni mtu wa Mji wa Kale hasa, watu wake asili yao Bara Arabu, mama mwenye ulimi na macho ya kucheka. Mimi humwita shemeji. Alikuwa akitokeza kichwa katika pazia baina ya duka na ngazi, akisema, "Shemeji, wenzangu wameolewa na waume, mimi nimeolewa na mnara wa taa. Hauendi popote, na kila apitaye auona." Fundi alikuwa akicheka. Alicheka kwa mabega tu, bila sauti. Nami nilicheka. Sikujua ninachokicheka.

Yalikuwapo mengine. Hakula yai. Katika biriani ya harusi, akikutana na yai ndani ya wali, alilichukua kwa vidole viwili, polepole, akaliweka katika upande wa sinia wa jirani yake, kisha akanawa mkono kabla ya kuendelea kula. Na chakula chochote alichopewa alikiacha theluthi moja. Hata mahamri matatu, alikula mawili. Paka wa kichochoro kile walinenepa mpaka wakaacha kukimbia watu. Na wakija wateja wa kaskazini, wale watu wa visiwa vya karibu na mpaka, ambao matamshi yao unayajua mtu akifungua mdomo tu, Fundi aliacha kamba ilipo, akapita nyuma ya pazia. Mkewe ndiye aliyetoka kuwauzia. Alikuwa hodari wa kuwauzia na kuwaaga upesi. Nami nilijua kwamba Fundi mwenyewe alitoka huko huko. Nikadhani basi, kuna ugomvi wa kifamilia, watu wote wanao.

Ilikuwa masika, mvua ile isiyoruhusu mtu kuvuka hata kichochoro. Maji yalikuwa yanashuka kwa kasi yakielekea bandari ya zamani, yamebeba makombo na ndara za watu. Tulifunga mlango wa duka tukaketi ndani, mimi na yeye, taa imezimika, harufu ya katani imetushika koo. Mkewe alikuwa kwa dada yake. Nikamuuliza kama ninavyouliza mimi, moja kwa moja.

"Fundi, kwa nini husemi 'ipo' kama watu wengine?"

Akaunga kamba muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa sababu nimeshaisema mara moja."

Kwao, alinieleza, kilikuwa kisiwa kidogo kule juu, na mbele ya kisiwa kile kuna jiwe lililosimama baharini, upande mmoja limekatika wima kama ukuta wa nyumba ya ghorofa tatu. Wao waliliita Gema la Membe. Membe ni wale ndege weupe wa bahari wenye mkia uliopasuka. Hawajengi kiota. Wanataga juu ya jiwe tupu, katika vile vibaraza vya ukuta, yai kando ya yai. Nao hutaga wakati wa kusi, wakati bahari imefunga, mvuvi hawezi kutoka, na watu wana njaa. Kwa hiyo watu wa kisiwa kile, tangu mababu, walikula mayai ya membe miezi ile. Mtu mmoja alishushwa kwa kamba kutoka juu, na kikapu. Mkuu wa kamba alisimama juu.

"Sasa sikiliza," alisema. "Kila kibaraza, theluthi moja hukuigusa. Hilo lilikuwa fungu la jiwe. Kama unavyomtengea mgonjwa sahani yake kwenye shughuli, haji kula lakini sahani yake haiguswi. Ukimaliza kibaraza, mkuu wa kamba alikuuliza kutoka juu, 'La jiwe?' Nawe ulijibu, 'Lipo.' Ndipo akakuvuta. Hakuna aliyeshuka kutazama. Neno lako lilitosha."

"Nawe ukasema."

"Nikasema."

Mwaka ule mkuu wa kamba alikuwa mzee ambaye binti yake ameposwa na Fundi. Fundi alikuwa kijana, mabega mapana, hana kitu. Alitaka mkwewe avute vikapu vizito mpaka ashangae. Alishuka katika kibaraza kikubwa kuliko vyote, akakifagia kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule, membe wanampiga kichwani kwa midomo mpaka damu. Vikapu vitatu. Sauti ikatoka juu: "La jiwe?" Akajibu, "Lipo."

"Nilijibu kwa sauti nzuri," akaniambia. "Mpaka leo naisikia ilivyokuwa nzuri."

Siku ya nane zikaja zile vurugu za mpakani. Watu wa kisiwa kile waliambiwa waondoke, wakaondoka na nguo za mwilini, mbuzi wakabaki wanalia. Hawakurudi kuishi tena. Familia ya yule binti ikashukia Lamu. Fundi mwenyewe akaja mpaka Mombasa, akaingia kisiwa hiki, asitoke tena.

"Nililidanganya jiwe, likatutapika," alisema. "Kijiji kizima."

"Fundi, vita vilipiga pwani yote. Wale wengine nao walikula mayai?"

"Wengine sijui habari zao."

"Na ndege? Walirudi?"

Kamba ikamponyoka kidole cha mguu. Nilimwona akiitafuta gizani. "Hilo ndilo nisilolijua. Nimejiwekea sharti: sitoki kisiwani hapa mpaka nijue kwamba membe wamerudi katika kibaraza kile. Wakirudi, nitajua jiwe limesamehe, nitakwenda kwetu hata kwa miguu."

"Basi waulize hao watu wa kaskazini. Wanaingia dukani kwako kila mwezi, wewe wawakimbia."

"Na wakinambia hawakurudi?"

"Utajua."

"Nikijua hivyo, sitatoka tena milele. Nisipouliza, huenda nikatoka kesho."

Nilimtazama. Nimewahi kuona mtu amefungiwa ndani ya kontena bandarini, tukamtoa hana sauti. Huyu alikuwa na ufunguo mkononi, na hakutaka kuujaribu, asije akagundua kwamba hauingii. Nikamwambia ni upumbavu. Akasema, "Najua. Usimwambie mke wangu." Mvua ikapungua, nikaenda zangu. Sikumwambia mtu. Hiyo ndiyo siri pekee niliyowahi kuibeba, na ilinielemea kuliko gunia lolote.

Tangu siku ile sikumcheka tena mkewe aliposema habari za mnara wa taa. Nilimhurumia. Mwanamke yule alizaliwa katika watu wanaosafiri, dada zake walikwenda Lamu kila Maulidi na kurudi na hadithi, naye alibaki kumpikia mtu theluthi mbili. Mara moja nilimwambia, "Shemeji, nenda nao. Gari ninalo." Akanijibu, "Nimwache nani na mnara?" akacheka. Niliona ni mke mwema. Na ni mwema. Lakini nitafika huko.

Uzee ulimjia Fundi kwenye magoti. Ngazi za nyumba zile za mawe ni za mwinuko, kila kidato kinataka mguu wa kijana. Akashuka siku moja moja, kisha Ijumaa tu, kisha hakushuka. Duka likafungwa. Kwanza alikuwa na kisiwa kizima, kisha akawa na mtaa, kisha nyumba, mwisho akawa na chumba kimoja cha ghorofa ya pili chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani, karibu hivi, ungeweza kuugusa kwa fimbo. Nilipomtembelea nilimkuta anautazama ukuta ule. Una nyufa na vishimo, chokaa imebanduka. Alikuwa hatazami kitu kingine.

"Waona nini hapo, Fundi?"

"Vibaraza," akasema.

Hapo nilichoka. Mimi si mtu wa kuvumilia jambo linaloweza kutazamwa na halijatazamwa. Kusi hii iliyopita nilikuwa na mzigo wa simiti kwenda Lamu. Badala ya kumwachia dereva, nikapanda mwenyewe, na umri huu na mguu huu. Lamu nikatafuta mtu wa kunipeleka juu. Nikampata nahodha mmoja mwenye mashua ya injini, mtu wa makamo, mtu wa visiwa vile vile. Tulikwenda ndani ya miamba, mahali bahari haina fujo kubwa, na bado nilitapika mara nne. Sioni haya. Nahodha alinitazama akasema, "Mzee, huko kuna nini kinachokupa taabu hii?"

"Nataka kutazama ndege."

"Wazungu hutazama ndege. Wewe una shida."

Nikamwambia nina rafiki. Hakuuliza zaidi.

Nilisikia Gema la Membe kabla sijaliona. Sauti ilikuwa kama ya soko la Kongowea siku ya maembe, watu wote wanagombana kwa pamoja. Halafu harufu, chumvi na mavi ya ndege, kali mpaka machozi. Halafu jiwe lenyewe, na lilikuwa jeupe juu mpaka chini. Nikadhani limepakwa chokaa, mpaka ile chokaa ilipoinuka ikaruka. Maelfu. Vibaraza vyote vimejaa, na kile kikubwa katikati kimejaa kuliko vyote, ndege wamebanana hata anayetua hana pa kuweka mguu. Kule juu, katika ukingo, niliona mifuo mitano iliyochimbwa na kamba za watu, myembamba, imelainika kama mdomo wa kisima. Ng'ambo ya maji kijiji kimebaki kuta, na ukuta wa kibla cha msikiti umesimama peke yake.

"Watu bado wanashuka?" nikamuuliza nahodha.

"Siku hizi hairuhusiwi. Zamani walishuka."

"Mwaka watu walipohama, ndege walipotea?"

Akafikiri. "Babangu alisema mwaka ule kibaraza kile kilikuwa kitupu, walitaga upande wa pili. Mwaka uliofuata wakarudi. Hawajakosa tangu hapo."

"Mwaka mmoja tu?"

"Mmoja. Kwa nini?"

Nikamweleza habari ya fungu la jiwe, bila jina la mtu. Nahodha akacheka mpaka akashika usukani kwa mikono miwili.

"Mzee, fungu la jiwe! Wazee walilisema sana hilo. Lakini kila mwaka alikuwapo mmoja wa kulila. Babangu mwenyewe alilila mara mbili, na mara ya pili mkuu wa kamba alikuwa babu."

Nilirudi Mombasa nikiimba. Sijui kuimba. Dereva alinionea haya njia nzima. Nilikuwa nimebeba mzigo mwema kuliko mizigo yote ya maisha yangu, na nilitaka kuushusha mara moja. Sikupita nyumbani. Nilikwenda Mji wa Kale na vumbi la safari nguoni, baada ya sala ya alasiri, nikapiga hodi. Shemeji akanifungulia, akanipandisha, akaenda jikoni kutengeneza kahawa. Fundi alikuwa penye dirisha lake.

"Nimetoka Gema la Membe," nikasema, hata sijaketi.

Hakugeuka.

"Wapo, Fundi. Wamejaa. Kibaraza kikubwa ndicho kimejaa zaidi. Walikosa mwaka mmoja tu, wakarudi. Na hilo fungu watu walikuwa wakilila kila mwaka. Nimekutana na mtu ambaye babake alilila mara mbili."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Akapatwa na nini?"

"Akapata watoto tisa."

Nilingojea acheke kwa mabega. Mabega hayakutikisika. Aligeuka polepole, na uso aliouleta kwangu sikuutarajia. Nimeuona uso huo kwa watu waliokuja godauni na stakabadhi mkononi wakakuta mzigo wao umeshachukuliwa na mtu mwingine.

"Hukufika," akasema.

"Nimefika, nimetapika mara nne."

"Ulikwenda jiwe jengine. Kule mawe ni mengi."

"Fundi, nimeona mifuo ya kamba. Mitano, juu kabisa."

"Kila jiwe lina mifuo."

"Nimeona kibla cha msikiti wenu ng'ambo."

"Kila kijiji kilikuwa na msikiti." Sauti yake ilikuwa inapanda, mzee asiyepandisha sauti. Mikono yake ilishika magoti yake mabovu. "Wewe si mtu wa bahari. Wewe kuli. Umepelekwa na mtu aliyetaka ujira wake, akakuonyesha jiwe lolote. Nambia wewe. Kama ni lile, na wamekuwapo tangu mwaka uliofuata, mimi hapa nilikuwa nikifanya nini?"

Jawabu nilikuwa nalo. Ninayo majawabu siku zote. Nilifungua mdomo kumwambia, ulikuwa ukifanya upumbavu, nilikwambia siku ya mvua. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya kahawa, ananitazama. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa. Alinitazama tu.

Nikasema, "Huenda nilikosea jiwe."

"Ulikosea," akasema Fundi.

"Bahari ilikuwa chafu. Na mimi si mtu wa bahari."

"Nimekwambia."

Akapumua. Akarudisha uso wake ukutani, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa kitu. Tukanywa kahawa. Aliniuliza habari ya bei ya katani, nikamwambia siku hizi watu hununua mikanda ya nailoni, akaitukana nailoni vizuri sana. Alikunywa theluthi mbili ya kikombe.

Shemeji alinisindikiza mpaka chini ya ngazi. Pale mlangoni, mahali duka lilipokuwa, akasimama.

"Ulikosea jiwe, shemeji?"

"Sikukosea."

"Najua," akasema. "Ndugu yangu alikuwa akileta boriti kutoka kule. Nilimtuma akatazame. Alinambia vivyo hivyo, hata mahali pa kutua hakuna."

"Lini?"

"Mwaka wa pili wa ndoa yetu."

Nikamwambia shemeji kwamba Fundi alidhani yeye hajui. Akasema Fundi, siku moja ya homa kali, alimweleza yote, alipopona hakukumbuka, naye hakumkumbusha.

"Na ndugu yako?"

"Nilimwapisha. Amefariki na kiapo chake."

"Shemeji, kwa nini?"

Akajifunga mtandio vizuri, kama mtu anayejiandaa kutoka, ingawa hakuwa akienda popote. "Yule binti alikuwa bado yuko Lamu, hajaolewa. Mume wangu angalijua ndege wamerudi, angalivuka siku hiyo hiyo. Nilikuwa na mtoto mmoja mgongoni na mwengine tumboni. Nikasema nitamwambia akishaolewa yule. Akaolewa. Nikasema nitamwambia watoto wakishakua." Akatazama juu ya ngazi. "Jambo la jana waweza kumwambia mtu. La miaka ishirini wamwambiaje? Na usinitazame hivyo. Mimi pia sijavuka."

Niliinua mguu wangu mbovu nikauweka nje ya kizingiti.

"Umefanya vyema kukosea," akasema. "Usikumbuke tena."

Kutoka juu tukasikia sauti ya mzee, "Ni nani huko wazungumza naye?"

"Hapana mtu!" akamjibu, kwa sauti nzuri, akapanda. Nilibaki nje nikisikiliza miguu yake kidato kwa kidato, kisha mlango wa chumba, kisha komeo likiingia mahali pake.